Mitandao ya kijamii humfaa ajuaye kuitumia kwa busara

SAA kumi alfajiri, chifu wa lokesheni ya Lanet Umoja, Nakuru, alipigiwa simu na kuarifiwa kuwa wezi walikuwa wamevamia nyumba ya mwalimu mmoja. Chifu huyo, Francis Kariuki, aliandika ujumbe mfupi katika mtandao wa Twitter. Dakika chache baadaye, wanakijiji walikuwa wamekusanyika nje ya nyumba hiyo, na wezi wakatimua mbio.

Kisa hicho, kilichoripotiwa mapema mwaka 2012, kiliwashangaza wengi. Wakati huo mitandao ya kijamii ilichukuliwa kuwa uwanja wa vijana kupiga domo na kuonyeshana picha. Hadi leo, wapo wazazi na walimu wasioona humo ila upotevu wa wakati.

Lawama zao zina msingi. Hata hivyo, haziwezi kujibu swali moja: kwa nini chombo kile kile kinachompotezea mmoja siku nzima kimwokolee mwingine mali, pengine hata maisha?

Jibu limo katika ujumbe wenyewe wa chifu. Kwanza, aliyeutuma alijulikana kwa jina, kazi na makao; ungalikuwa wa uongo, angaliulizwa barazani kesho yake. Pili, ulihusu jambo mahususi lililohitaji hatua. Tatu, uliwafikia watu waliokuwa karibu na wenye uwezo wa kusaidia. Isitoshe, wakazi wasiokuwa na simu za intaneti walizipata taarifa za chifu kama arafa katika simu zao za kawaida, hivyo umaskini haukuwa kizuizi.

Kutoa ni moyo

Kanuni hiyo hufaa hata katika mambo ya taifa zima. Mwaka 2011, ukame uliposababisha baa la njaa kaskazini mwa nchi, hasa Turkana, kampeni ya Kenyans for Kenya ilinuia kukusanya Sh500 milioni kwa muda wa wiki nne.

Pamoja na vyombo vya habari, Twitter na Facebook zilieneza wito huo, nayo huduma ya M-Pesa, iliyoanzishwa mwaka 2007, ikapokea michango. Lengo lilipitwa. Aliyeguswa na habari asubuhi aliweza kuchanga kabla ya jioni, huruma yake isipate muda wa kupoa.

Mtu binafsi naye hana haja ya kusubiri janga ndipo afaidike. Mkulima Young, ulioanza mwaka 2013, ni mfano wa jukwaa lililowakutanisha vijana wakulima mtandaoni, wakaulizana kuhusu mbegu na magonjwa ya mifugo na kutafuta wanunuzi. Kijana wa aina hiyo anaposhika simu, anakuwa ameshika shamba na soko kwa mkono mmoja.

Katika familia, makundi ya WhatsApp yamekuwa kikao cha ukoo. Habari za mgonjwa, karo ya mpwa au mipango ya mazishi humfikia ndugu aliye Doha au London wakati ule ule zinapomfikia aliye kijijini. Naye huweza kutoa ushauri na mchango wake badala ya kupashwa habari mambo yakiwa yamekwisha.

Simu ile ile

Wakenya, hata hivyo, wanaujua upande wa pili. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, arafa za chuki zilisambazwa kwa simu huku watu wakiuawa na kufurushwa makwao. Januari 2008, wananchi wenzao walianzisha tovuti ya Ushahidi, iliyopokea taarifa za ghasia kutoka kwa umma na kuzionyesha kwenye ramani. Simu ilikuwa ile ile. Kilichotofautiana ni nia ya aliyeishika.

Kwa sababu hiyo, busara huanza kabla ya kidole kugusa kitufe cha kutuma. Katika vyumba vya habari, taarifa haichapishwi kabla ya kuulizwa: nani kasema, lini, wapi, na amejuaje? Mwananchi naye anaweza kujiuliza maswali hayo. Picha ya ajali ya miaka mitatu iliyopita, ikisambazwa kama ya leo, huweza kumwangusha mzazi ambaye mwanawe yumo safarini.

Pia kuna sheria. Ile ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inaharamisha matamshi ya chuki, nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda habari za kibinafsi. Nambari ya kitambulisho, picha za watoto wa wenyewe na siri za mgonjwa si mambo ya kuanikwa hadharani.

Mwenye kutaka kufaidika na ajiwekee mipaka: ajue anafungua mtandao kutafuta nini, na akikipata aufunge. Achague makundi yanayomwelimisha au kumsaidia, na ayahame yale ya fitina hata kama yameanzishwa na jamaa zake. Naye asiye na hakika na jambo asilipeleke mbele, kwani neno likishatoka halirudi, na la mtandaoni husafiri mbali kuliko la kinywani.