Deraya Inapasuka ama Haipasuki?

Kuna swali moja ikiulizwa kwa meza ya D&D ama Pathfinder, gemu inasimama hapo hapo. Msee anachukua dadu, anaangalia GM, yule anaendesha gemu, anasema: "Mi sidai kumgonga huyu jamaa. Nadai kugonga deraya yake, ipasuke." Beshte wa kushoto anasema hiyo haiwezekani. Wa kulia anaapa ameisoma kwa kitabu na inawezekana fiti kabisa. Mwingine anadai iko, lakini ni ya silaha na ngao pekee. Na venye hii stori ni noma, hao wote wako sawa. Kila mtu amekuja na kitabu yake kwa kichwa.

Cheki vile ilianza. D&D 3.5, ile ya 2003, ilikuwa na move inaitwa Sunder. Badala ya kupiga mwili, unapiga silaha ama ngao yenye adui ameshika. Deraya yenye amevaa, kitabu ilikataa waziwazi: huwezi. Alafu 2009 kampuni ya Paizo ikatoa Pathfinder, imejengwa juu ya mifupa ya 3.5, na kwa Sunder yao unaruhusiwa kugonga kitu yenye adui ameshika ama amevaa. Hapo ndio deraya iliingia. Lakini wasee wengi walihama kutoka 3.5 na hawakurudi kusoma hiyo page, juu kila kitu ilikaa vile waliizoea. Wakaendelea kuchezesha na sheria ya zamani, na wakafunza wengine hivyo hivyo. Alafu 2014 D&D 5e ikakam bila Sunder kabisa, na Pathfinder ya pili ya 2019 pia haina.

Kwa hivyo swali ya kwanza ya kuuliza ni moja tu: leo tunacheza gani? Wengi hawaiulizi, wanarukia kubishana.

Sasa tushike Pathfinder ya kwanza, juu ndiko kuna utamu. Kujaribu Sunder bila ujuzi wa Improved Sunder, adui anapata nafasi ya kukuchapa kwanza. Ukipita hapo, dameji yako inaenda kwa kitu. Na hapa ndio meza inapotea, juu watu wanafikiria kugonga ni kuvunja. Sio hivyo. Kila kitu iko na ugumu wake na uhai wake. Ugumu unakata kila pigo kabla uhai uguswe.

Chukua full plate, ile chuma ya kufunika mwili mzima. Inaongeza AC, ile namba yenye pigo inafaa kufikia ndio ishike, kwa 9. Uhai wa deraya ni hiyo bonasi mara 5, yaani 45. Chuma iko na ugumu wa 10. Leta faita wa levo 3, nguvu zake 18, ameshika greatsword kwa mikono mbili na anatumia ujuzi wa Power Attack. Anarusha dadu mbili za pande 6, anaongeza 9. Kwa wastani ni 16. Toa 10, inabaki 6 ndio imeingia. Deraya inahesabiwa imepasuka ikibaki na chini ya nusu ya uhai, kumaanisha lazima uingize 23. Hiyo ni mapigo 4 yenye yameshika. Na ikipasuka, haianguki chini. Bonasi inakatwa nusu, 9 inakuwa 4, na jamaa bado ameivaa, anasonga nayo kwa shida zaidi.

Hizo mapigo 4 zingeenda kwa mwili zingekuwa 64. Hakuna msee wa levo 3 anabaki wima na hiyo.

Nimecheki boyz akifanya hiyo hesabu live, penseli mkononi, amechora kamstari kwa kona ya karatasi kila mara pigo inaingia: 6, 6, 6. Uso yake inashuka na kila mstari. Alikuwa anaona kwa kichwa chuma ikifunguka, vipande vikiruka, adui amebaki na shati. Kitabu ilimpa karani wa hesabu. Na mi nasema hiyo sio makosa yake. Hiyo picha ndio ilimleta kwa meza, na sheria yenye inaikubali kwa jina alafu inaizima kwa namba inastahili kuulizwa maswali.

Tofauti inakuja ukiwa na chombo ya adamantine. Hiyo inapita ugumu wowote wenye uko chini ya 20, kwa hivyo 16 yote inaingia, na mapigo 2 yanatosha kupasua full plate. Lakini adamantine inaongeza bei ya silaha kwa sarafu 3,000 za dhahabu, na wasee wa levo 3 hawana hiyo doh. Upande ule mwingine, deraya ya ngozi iko na ugumu wa 2 na uhai wa 10 pekee. Pigo moja ya huyo faita inaimaliza. Ni vile tu bonasi yake ni 2, kwa hivyo umetumia zamu nzima kutoa kitu ndogo sana.

Kuna pia stori ya mali. Full plate ni sarafu 1,500. Ukipiga Sunder hadi uhai uishe, sheria inakupa chaguo: uimalize kabisa, ama uiache na uhai wa 1, imepasuka lakini iko. Chagua ya pili, tafadhali. Kitu imepasuka bado iko na 75% ya thamani yake. Kumaliza deraya ya adui ni kuchoma nguo zenye ulikuwa unaenda kuvaa. Na usitegemee spelo ya Mending kuitengeneza: inashika kitu ya ratili 1 kwa kila levo ya mchawi, na full plate ni ratili 50. Unahitaji Make Whole, ama fundi na wakati.

Kitu yenye inanikera kweli ni GM kutumia Sunder kwa wachezaji bila kusema mapema. Msee amehesabu sarafu kwa miezi, amenunua chuma, alafu jambazi wa kwanza anaigonga hadi iishe. Adui amekufa, hana kitu ya kupoteza. Mchezaji amepoteza miezi. Ukidai kufanya hivyo, onyesha kwanza: panga zimevunjika njiani, walinzi wenye deraya imefunguka kifua. Mtu aone kwenye anaingia.

Kwa 5e, penye Sunder haiko, sisi kwa meza yetu tumechukua mfano kwa rust monster, yule mdudu wa kula chuma. Antena yake ikigusa deraya yako ya chuma yenye haina uchawi, na ushindwe kuikwepa, AC inashuka kwa 1, na inaendelea kushuka kila ikiguswa. Ikifika 10, deraya imeisha. Kwetu mchezaji anaweza kusema anagonga deraya. Pigo ikishika, mwili hauumii, lakini AC ya adui inashuka kwa 1, na kila mtu kwa meza anapata hiyo faida. Hakuna ugumu, hakuna uhai wa kuandika kwa kona. Mbogi ya wanne ikiamua kufungua chuma ya mtu, inafunguka kwa raundi chache na wote wanaona ikifunguka. Deraya ya uchawi haiguswi. Na adui wakidai kufanya hivyo kwa wachezaji, fundi lazima awe kwa mji wenye uko karibu, na bei yake inajulikana kabla mtu arushe dadu.