Kibuyu cha Nyenje: Chombo cha Sauti katika Sanaa ya Kichina

Atazamaye kibuyu cha nyenje cha Kichina ndani ya kabati ya kioo huvutwa kwanza na nakshi zake. Zastahili sifa, lakini zaweza kumpotosha: chombo hiki kiliundwa kwa ajili ya sikio kabla ya jicho.

Desturi yenyewe ni ya kale. Habari za enzi ya Tang (618-907) zasimulia kwamba wanawake wa jumba la kaizari, yalipofika majira ya kupukutika majani, waliwatia nyenje katika vitundu vidogo vya dhahabu na kuviweka karibu na mito yao, wapate kuwasikia usiku. Baadaye mchezo wa kupiganisha nyenje ulidai chombo kingine, yaani chungu chenye kuta nene zizuiazo joto. Kaizari Xuande wa Ming (1426-1435) aliupenda mno. Vigae vya vyungu vya kaure vya wakati wake vilifukuliwa Jingdezhen mwaka 1993.

Kibuyu, kwa upande wake, ni cha majira ya baridi. Kilicho bora hakikuchongwa, bali kiliota na nakshi zake. Tunda likiwa changa, lingali kwenye mmea, hutiwa ndani ya kalibu iliyochorwa upande wa ndani. Likikua huijaza na kutwaa kila mstari wake. Ufundi huu ulipewa heshima kubwa katika jumba la Kangxi (1662-1722). Tunda likisha kukauka, hukatwa shingo na kutiwa kifuniko.

Hapo ndipo mdudu anapotoa amri. Nyenje dume peke yake ndiye aimbaye, kwa kusuguanisha mabawa yake ya mbele. Basi kifuniko, kiwe cha pembe ya ndovu, cha gamba la ng'amba au cha kifuu cha nazi, sharti kitobolewe ili sauti itoke na hewa iingie. Ndani, chini, hutandazwa udongo uliochanganywa na chokaa. Mwenyewe hukificha kibuyu kifuani, chini ya nguo, na joto la mwili humrefushia mdudu maisha ambayo baridi ingeyakatiza.

Kwa hiyo kitabu alichokitoa Berthold Laufer mwaka 1927, kuhusu mkusanyo wa Jumba la Makumbusho la Field mjini Chicago, kingali chafaa kusomwa: hueleza vyombo pamoja na malezi ya wadudu wenyewe. Makabati mengi ya leo huonyesha kifuniko bila kusema matundu yake ni ya nini.