Ndoana, Chambo na Tabia ya Besi

Besi mdomo-mkubwa ni samaki wa maji baridi ambaye asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Alipandikizwa katika Ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1929. Amtafutaye kwa ndoana hana budi kujua kwanza jinsi samaki huyu anavyowinda.

Besi hujificha penye magugu, kisha huvamia windo kwa ghafula. Kwa sababu hiyo, penye magugu hutumika mshipi mnene usiokatika upesi. Maji yakiwa maangavu, besi hutegemea macho. Basi mshipi uwe mwembamba, na chambo bandia kifanane na windo halisi, kama vile kamba wekundu walioingizwa Naivasha mwaka 1970. Maji yakichafuka, hutegemea zaidi mstari wa ubavuni, yaani safu ya viungo vidogo vinavyohisi mitikisiko ya maji. Hapo hufaa chambo kinachotikisika kwa nguvu kivutwapo.

Wakati wa kuzaliana, dume huchimba kiota penye kina kifupi na kulinda mayai, kisha makinda. Hushambulia chochote kinachokaribia, hata asipokuwa na njaa. Hivyo ni rahisi kumnasa. Akiondolewa, samaki wengine huyala mayai. Ndoana isiyo na mwiba wa nyuma hupunguza jeraha, na samaki huweza kurudishwa majini akiwa mzima. Hata hivyo, kiota huweza kuvamiwa kabla dume hajarejea. Kwa hiyo yafaa viota viachwe bila kuguswa mpaka makinda yatawanyike.