Nakshi za Chungu na Asili ya Waswahili

Mjadala kuhusu asili ya Waswahili huegemea zaidi msamiati na sarufi. Ni nadra vyungu kutajwa. Ilhali udongo uliochomwa hauozi, na pwani ya Afrika Mashariki imejaa vigae vyake.

Vigae vinavyohusika hapa ni vya aina ambayo wanaakiolojia huiita ya Tana, au ya Pembetatu za Kuchanjwa, vilivyofinyangwa takriban kati ya mwaka wa 600 na 1000. Jina hilo la kwanza si geni kwa msomaji wa Maua, kwani vijito vya milima ya Nyambene humwaga maji yake katika Mto Tana. Kabla ya chungu kuchomwa, mfinyanzi alichora kwa ncha kali safu ya pembetatu shingoni mwake, kisha akazijaza kwa mistari sambamba iliyolala upande mmoja. Nakshi hiyo haikukiongezea chungu nguvu wala haikuivisha chakula upesi. Ilikuwa desturi tu, na hapo ndipo penye thamani yake kwa mtafiti: watu wasiofunzana kazi hawaelekei kuchora urembo ule ule kutoka visiwa vya Lamu hadi Msumbiji, na hata bara ya Tanzania.

Neville Chittick, aliyechimbua Manda, alishikilia kwamba mji huo ulianzishwa na wageni kutoka Ghuba ya Uajemi. Mark Horton, aliyeanza kuchimbua Shanga, kisiwani Pate, mwaka wa 1980, alikuta katika tabaka za chini, za karne ya 8, vyungu vya kienyeji kwa wingi na vyombo vya kigeni kwa uchache. Felix Chami (1994) naye akavihusisha vyungu vya pembetatu na ufinyanzi wa kale zaidi wa wakulima waliofua chuma, ule wa Kwale. Hoja hii inaoana na ya Derek Nurse na Thomas Spear (1985), kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu ya kundi la Sabaki, pamoja na Kipokomo na lugha za Mijikenda.

Hata hivyo, chungu hakisemi lugha. Nakshi huweza kuigwa, au kuhamia kijiji kingine pamoja na bi harusi, na msemaji wa lugha ya Kikushi angeweza kuichora vilevile. Kinachothibitika ni kidogo zaidi: mikono iliyofinyanga vyungu vya miji hiyo ya mwanzo ilifunzwa huku huku Afrika. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka wa 2023 ulionyesha kwamba wakazi wengi wa miji ya kale ya pwani walikuwa na nasaba ya Kiafrika, hasa kupitia kwa akina mama, iliyochanganyika na ya Kiajemi kuanzia yapata mwaka wa 1000. Kufikia wakati huo, pembetatu zilikuwa zimechorwa kwa karne kadhaa.