Kijana anapoomba fedha za amplifaya ya hedifoni

Katika nyumba nyingi siku hizi kuna chumba ambacho mlango wake hufungwa jioni, na wanaopita ukumbini huombwa wanyamaze. Godoro limesimamishwa ukutani, mablanketi yametundikwa dirishani, na ndani yake kijana anarekodi: qaswida, hadithi za watoto, pengine tangazo la duka la jirani. Maikrofoni alikwisha nunuliwa, hedifoni anazo. Kisha huja ombi jipya la amplifaya ya hedifoni, kijisanduku ambacho wazazi wengi hawajapata kukiona, na ambacho bei yake haifanani na udogo wa umbo lake.

Ombi hilo lilinifikia mwaka jana kutoka kwa mdogo wangu. Kazi ya ukatibu wa kamati ya msikiti imenizoesha kuuliza sababu na risiti kabla ya senti kutoka, lakini siku hiyo niliona haya kumhoji mtoto wa mama yangu, nikatoa fedha. Tulikwenda Kariakoo, tukanunua, tukaunganisha. Mvumo aliokuwa akiulalamikia ulikuwapo vile vile, ila sasa umekuwa mkubwa zaidi. Jioni ya tatu mama aliingia chumbani, akachomoa chaja ya kompyuta mpakato ili apige pasi, na mvumo ukakatika papo hapo. Kumbe ulikuwa ukiingia kwa njia ya umeme wa chaja. Amplifaya hukuza kila kinachoifikia, kizuri na kibaya, nasi tulikuwa tumelipa fedha ili tuisikie kasoro yetu vizuri zaidi.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, mwulize kijana anasikia kasoro gani hasa. Akisema mvumo, arekodi kwa betri ya kompyuta, chaja ikiwa imechomolewa, kisha asikilize tena. Akisema sauti yake humrudia masikioni kwa kuchelewa, tatizo limo katika mpangilio wa programu. Kadi nyingi za sauti za nje zina kitufe kinachompa msemaji sauti yake moja kwa moja kabla haijapita kwenye kompyuta, na kitufe hicho hakihitaji fedha ya ziada. Yanabaki malalamiko mawili ambayo amplifaya huweza kuyatibu: sauti kuwa ndogo mno, na watu kadhaa kutaka kusikiliza kwa pamoja.

Katika hilo la sauti ndogo, tazama kwanza hedifoni zenyewe. Kwenye boksi pana namba ya ukinzani, inayohesabiwa kwa omu na kuandikwa kwa alama ya Ω. Audio-Technica ATH-M50x zina omu 38, Sony MDR-7506 zina omu 63, na hizi husukumwa bila taabu na kadi ya sauti ya kawaida. Beyerdynamic DT 770 Pro zimeuzwa kwa omu 32, 80 na 250, nazo kwa mbali hufanana, hivyo mwenye kununua zilizotumika asiposoma namba huweza kurudi nyumbani na zile nzito asizozikusudia. Sennheiser HD 600 zina omu 300. Na hata omu 250 si lazima zikutie hofu. Mtengenezaji wa DT 770 Pro anaeleza kuwa aina hiyo hutoa desibeli 96 kwa miliwati 1, na katika ukinzani huo miliwati 1 hupatikana kwa nusu volti tu. Volti zikiwa maradufu sauti hupanda kwa desibeli 6, kwa hiyo volti 1 hutoa desibeli 102. Kiunganishi kidogo cha Apple cha USB-C, ambacho bei yake ni ndogo kuliko ya amplifaya yoyote ya maana, hutoa takribani volti 1, ingawa kile kinachouzwa Ulaya hutoa nusu yake. Desibeli 102 ni kelele kubwa kwa mtu anayerekodi hadithi ya sungura na fisi!

Ikithibitika kuwa amplifaya inahitajika kweli, tafuta katika maelezo yake ukinzani wa tundu la kutolea sauti. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba usizidi sehemu moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni. Kwa hedifoni za omu 32, basi, usizidi omu 4. Ukizidi, baadhi ya hedifoni hubadili uwiano wa besi na sauti nyembamba, na kijana ataketi usiku kucha akirekebisha sauti ambayo haikuwa na kosa. Schiit Magni na JDS Labs Atom, zinazosifiwa sana katika daraja la bei ya chini, ziliingia sokoni kwa dola 99 za Marekani, ya kwanza mwaka 2012, ya pili mwaka 2018, kabla ya nauli na ushuru. Ndugu aliyeko Marekani akikununulia, mwambie asome adapta: umeme wa kule ni volti 120, wetu ni 230, na adapta isiyokubali volti zetu huungua siku ya kwanza.

Hitaji la watu wengi ni jingine kabisa, na ndilo lililokuwa letu bila sisi kulijua. Mdogo wangu hurekodi na mabinti wawili wa shangazi wanaosoma hadithi kwa kupokezana. Walikuwa wakitumia waya wa kugawa wenye matundu mawili, ambapo hedifoni mbili za omu 32 huonekana kwa chombo kama moja ya omu 16, na hakuna anayeweza kupunguza yake bila kumpunguzia mwenzake. Dawa yake ni kijisanduku cha kugawa chenye tundu na kitufe cha sauti kwa kila msikilizaji, mfano wa Behringer HA400 au PreSonus HP4, vyote vikiwa na nafasi nne. Wote watasikia mchanganyiko uleule, lakini kila mmoja kwa kiasi chake. Kwa kazi ya nyumbani, hicho kinatosha.

Kitufe hicho ndicho kinachonitia wasiwasi kuliko bei. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda salama hupungua kwa nusu: kwa desibeli 89 mtu mzima hubakiwa na saa 5 kwa wiki, na kwa desibeli 95 hazifiki hata saa moja na nusu. Chombo chenye nguvu ya ziada hufika huko kwa kidole kimoja. Nacho kidole hicho huongeza kidogo kidogo kadiri masikio yanavyochoka, bila mwenyewe kutambua.

Tulirudisha kijisanduku cha kwanza kwa hasara, tukanunua cha kugawa kilichotumika. Vitufe hurudishwa sifuri kabla ya yeyote kuvaa hedifoni. Kwenye vile viwili vya mabinti mama amebandika plasta ya kidonda, akachora mstari kwa kalamu, na hakuna anayethubutu kuuvuka.