Udongo wa Mbuga, Maji na Afya: Funzo kutoka Uigaji wa Kompyuta

Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010, Mto Mkondoa ulifurika Kilosa, ukawaacha maelfu ya watu bila makazi na kuharibu Reli ya Kati. Maji ya mafuriko yanapoingia katika vyoo vya shimo, kinyesi hufika visimani, na kipindupindu hupata njia. Namna ardhi inavyoyapokea maji hayo hutegemea pia madini yaliyomo katika udongo.

Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa uwanda wa Mkata katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, una madini ya jamii ya smektaiti. Madini hayo ni tabaka nyembamba mno, na baina yake zimo ayoni za sodiamu au kalsiamu. Hadubini ya kawaida haiwezi kuonyesha maji yakipenya humo. Kwa hiyo wanasayansi hutumia uigaji wa kompyuta: kila atomu hupewa nafasi na chaji yake, kisha programu hukokotoa nguvu zinazoivuta na kuisukuma, na kuisogeza hatua kwa hatua. Hatua moja ni takriban sehemu moja kati ya trilioni elfu moja za sekunde.

Uigaji huonyesha kuwa ayoni huvuta molekuli za maji na kuzungukwa nazo. Maji huingia safu baada ya safu, tabaka husukumana, na udongo huvimba. Kaolinaiti, iliyo nyingi katika udongo mwekundu, haina ayoni hizo baina ya tabaka zake, hivyo haivimbi kwa kiasi hicho.

Kiafya, udongo wa mbuga una hatari mbili. Wakati wa kiangazi hupasuka, na mvua za kwanza hupitisha uchafu upesi kwenye nyufa. Baadaye huvimba, nyufa huziba, maji hutuama, vyoo hufurika na mbu huzaliana. Anayepima unyonyaji wa maji katika shimo kavu hudanganyika.

Kompyuta huiga kipande kidogo kuliko chembe ya vumbi. Haichagui mahali pa choo. Mhudumu wa afya aloweshe shimo la majaribio usiku kucha kabla ya kupima. Penye mbuga, choo kiinuliwe juu ya ardhi, kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na mbali zaidi penye nyufa. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini. Anayeharisha majimaji mfululizo aanze kunywa ORS mara moja na afikishwe kituo cha afya bila kuchelewa.