Mkeka Usio na Saini

Kijana mmoja wa Kirongwe, kisiwani Mafia, anayeishi Marekani alinitumia picha ya firashi ya sufu iliyotundikwa ukutani katika nyumba ya makumbusho. Lilikuwa tandiko zito la kitanda, la bluu na nyeupe, lenye maua na ndege pande zote. Kwenye pembe, ndani ya ufumaji wenyewe, palikuwa na jina la mfumaji na mwaka. Wafumaji wa Pennsylvania, Ohio na New York walikuwa na desturi hiyo kuanzia miaka ya 1820. Chini ya picha kijana aliandika: "Kwetu Mafia mbona hatuna kitu kama hiki?"

Nilimjibu kwamba tunacho, ila hakina saini. Jibu refu ni hili.

Tuanze na sufu, maana hapo ndipo wengi huchanganya. Sufu ni manyoya ya kondoo. Sufi ni nyuzi nyepesi za tunda la msufi, zile zinazojazwa kwenye mito na magodoro. Kirongwe utaukuta mto wa sufi. Sufu utaitafuta sana. Kondoo wetu wa pwani wana nywele fupi kama mbuzi, hawana cha kusokota. Kondoo wa manyoya marefu wanataka baridi, ndiyo maana Kenya walifugwa nyanda za juu, huko Molo. Sufu ya pwani ilikuja na jahazi: bushuti kutoka Uarabuni, kisha blanketi la kiwandani. Ni vitu vya kununua, na joto letu tunalijua. Sijasikia bibi yeyote akimwachia mjukuu wake bushuti kwa wosia.

Kitanda cha kale kilitandikwa mkeka. Matendegu manne, mifumbati miwili, vitakizo viwili, katikati kamba za usumba zilizowambwa kwa kukaza, na juu yake mkeka wa ukindu. Hewa inapita chini na juu, jasho halikai. Wasafiri wa jahazi walikuwa na fumba, yaani mkeka ulioshonwa kama mfuko: mtu anajiingiza ndani, anajifunika, analala. Ukinibana sana nikutajie blanketi la asili la watu wa bahari, nitalitaja fumba.

Sasa, fundi atakwambia kwamba mkeka haufumwi, unasukwa, na hapo hatanii. Kufuma kunataka kitanda cha mfumi: mtande umetegwa na kukazwa, mshindio unapita kati yake kwenda na kurudi. Pwani hii ilifuma. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960 alikuta vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, ambavyo vilitiwa kwenye pia za kusokotea uzi wa pamba. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, alitaja nguo za Mogadishu zilizosafirishwa hadi Misri. Halafu katika karne ya 19 ikaja merikani, nguo ya pamba isiyopaushwa ya viwanda vya Marekani, na mfumaji wa pwani hakuweza kushindana na bei yake. Nasema hivi bila kinyongo, lakini inachekesha kidogo: firashi iliyomvutia kijana wetu imetoka nchi ileile.

Kusuka kulinusurika. Msukaji hana mtambo. Ana vidole, kisu na sindano. Chane za ukindu zinapishana mshazari, hakuna mtande wala mshindio, kwa sababu kila chane inafanya kazi zote mbili kwa zamu. Matokeo yake ni utepe mrefu uitwao ukili. Kili hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka upana unaotakiwa upatikane, kisha kingo hufungwa.

Hesabu kidogo itakuonyesha kazi iliyomo. Chukua mkeka wa kitanda wenye upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 2. Kama ukili una upana wa sentimita 6, unahitaji vipande 25, yaani mita 50 za ukili, karibu pima 27. Zote zimesukwa kwa mkono, jioni baada ya shamba, baada ya maji, baada ya kupika. Na kabla ya kusuka kuna kukata majani machanga ya mkindu yasiyofunguka bado, kuyaanika mpaka yawe meupe, kuyachana na kuyachemsha kwenye rangi. Pat Caplan, mwanaanthropolojia aliyeanza utafiti wake kaskazini mwa Mafia mwaka 1965, aliwakuta wanawake wakisuka mikeka na kuiuza, na fedha ile ilikuwa yao.

Rangi ndiyo inayonisaidia zaidi ninapoulizwa umri wa mkeka. Zamani nyeusi ilitoka kwenye mizizi ya mdaa, nyekundu kwenye mbegu za mzingefuri, njano kwenye manjano ya jikoni. Rangi za kemikali zilianza mwaka 1856, pale William Perkin, kijana wa miaka 18 huko London, alipopata zambarau kwa bahati akitafuta dawa ya malaria. Kwa hiyo mkeka wenye zambarau kali au waridi linalowaka hauwezi kuwa wa kabla ya mwaka huo, hata muuzaji aape vipi. Ukitaka kuona rangi ya kweli usitazame uso wa mkeka, maana jua limekwisha kuula. Fungua kidogo mahali ukili unapolaliana na mwenzake kwenye mshono. Pale ndani rangi imejificha. Nimewahi kuona mkeka uliokuwa kama majani makavu tupu, na ndani ya mshono kuna wekundu uleule aliouacha msukaji.

Usidanganyike na uchakavu. Mkeka wa miaka mitano uliolala uani unaweza kuonekana mzee kuliko wa miaka hamsini uliokaa juu ya kabati. Mimi huangalia zaidi mishono na viraka: uzi wa ukindu uliosokotwa kwa mkono, au uzi wa nailoni wa nyavu? Nailoni pekee inaweza kuwa imetiwa wakati wa kutengeneza upya, lakini ikiwa mishono yote ni nailoni, mkeka huo ni wa juzi.

Mbona basi mikeka ya kale ni adimu kuliko hata nguo? Kwa sababu mkeka hushushwa cheo. Ukiwa mpya unatandikwa kitandani au kwa mgeni. Ukianza kufifia unashuka sakafuni. Ukichanika unaanikiwa mpunga au dagaa, mwisho unaziba pengo la banda la kuku. Na mingine mizuri kabisa imekwenda na wenyewe makaburini. Firashi ya Marekani ilitunzwa sandukuni kwa sababu ilikuwa mali ya bibi harusi na urithi. Wetu ulitumika mpaka ukaisha, na simlaumu mtu kwa hilo, ndiyo kazi uliyosukiwa.

Lakini kama unao mmoja wa bibi yako na unataka udumu, adui zake si wale wa sufu. Sufu ni protini, huliwa na viwavi wa nondo. Ukindu ni jani. Adui zake ni kuvu, mchwa na mkunjo. Uviringishe kwenye bomba au gogo laini, uso wenye rangi ukiwa nje, usiukunje kama shuka, kwani chane kavu hukatika palepale penye mkunjo. Usiuegemeze ukutani wala kuuweka chini. Masika ikiisha uanike kivulini penye upepo. Jua kali hufukuza wadudu lakini hula rangi. Ukiona unga mwembamba wa wadudu, uvingirishe kwenye nailoni, ufunge vizuri, na umwombe mwenye friza la samaki akuwekee kwa wiki mbili katika nyuzi 20 chini ya sifuri. Makumbusho makubwa hufanya hivyohivyo. Mkeka ukitoka kwenye friza, usifungue nailoni kwa siku nzima, la sivyo umande utaulowanisha.

Halafu kuna ile saini. Nilipomuuliza bibi mmoja wa Kirongwe ni nani aliyesuka mkeka alionionyesha, alisema, "Mama yangu, mwanangu. Ukili huu wa kati ni wa dada yake, alikuwa hakazi." Aliitambua mikono miwili katika mkeka mmoja kwa kupapasa tu. Baada yake, hakuna atakayeweza.

Kata kipande cha pamba nyeupe upana wa vidole viwili. Andika jina la msukaji, kijiji, na mwaka kama unajulikana, kisha kishone nyuma ya mkeka kwa mishono michache iliyolegea. Tumia penseli. Wino wa kalamu huvuja ukipata unyevu, na Mafia unyevu haukosekani.